Jinsi Tuta la Tatu Lilivyookolewa Makindye

Sogeeni, enyi mnaomenya viazi, sogeeni nanyi mnaopiga pasi nguo za Jumapili! Mwenye mtoto mgongoni na amtulize, mwenye redio na aipunguze, kwa maana nawaletea habari za vita ambavyo hakuna gazeti la Kampala lililoviandika, wala hakuna jenerali aliyevalishwa nishani kwa ajili yake. Hapakufa mtu. Alikufa konokono mmoja, na hata huyo hatuna hakika. Lakini asubuhi ile, juu ya kilima cha Makindye, nyuma ya kanisa letu la mabati na maturubai, kati ya choo na tangi la maji, lilipiganiwa tuta lenye urefu wa hatua nne na upana wa hatua moja na nusu. Na aliyelipigania alikuwa mtu asiyeweza hata kuitikia hodi kwa sauti.

Ee Bwana uliyepanda bustani ya kwanza, wewe unayejua hesabu ya nywele zetu na bila shaka na hesabu ya karoti, nishike mkono nisimulie yote kama yalivyokuwa, nisiongeze chumvi zaidi ya kijiko kimoja.

Mtauliza shujaa alikuwa nani. Ni mimi. Naitwa Huguette, binti wa Butembo, Mwenye Macho ya Chini, Mwenye Sauti ya Kunong'ona, mshindi wa darasa la tano na mtoro wa darasa la sita. Yule ambaye akiomba sukari dukani hupewa sabuni, naye huichukua sabuni na kwenda nayo nyumbani, kwa sababu kumrekebisha muuzaji kungehitaji sentensi ya pili.

Jueni kwanza sheria ya bustani ile. Mtunzaji wake alikuwa Papa Kasereka, shemasi, Mlinzi wa Matuta, mzee mwenye kofia ya sufu wakati wa jua na wakati wa mvua, aliyelima kabichi huko kwetu Kongo miaka mingi kabla vita havijamsukuma kuvuka mpaka. Yeye ndiye aliyeigawa ardhi ya nyuma ya kanisa kuwa matuta kumi, akawapa wanawake kumi, akaandika majina yetu katika daftari lenye jalada la buluu. Kisha akatutangazia amri. Kila Jumapili, mmoja wetu atasimama mbele ya kanisa na kitu alichong'oa kwenye tuta lake asubuhi hiyo, na kutoka katika kitu hicho atatoa fundisho la kiroho. Na hakuna kuchagua! Ukikishika ukang'oa, hicho ndicho utakachosimama nacho, kiwe kizuri au kibovu.

"Kwa sababu," alisema Papa Kasereka, "Mungu naye hakutuchukua kwa kutubonyezabonyeza kama nyanya za sokoni."

Na amri ya mwisho ilikuwa hii: atakayeshindwa kusimama zamu tatu, tuta lake atapewa mwingine.

Nami nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Zamu ya kwanza nilisema jino linauma, na ili nisiwe mwongo niliuuma ulimi hadi ukauma kweli. Naam, niliuma ulimi, lakini jino likapata sifa. Zamu ya pili nilijificha chooni tangu wimbo wa kwanza hadi baraka ya mwisho, na choo chenyewe ni kimoja, na nje kulikuwa na foleni, na watu wa ile foleni hawajanisamehe hadi leo.

Mtasema: si ungeliacha tu hilo tuta, dada, ukakaa kwa amani? Ndugu zangu, hamjui. Nyumbani kwa shangazi yangu Maman Monique, ambako tunaishi watu wanane katika vyumba viwili, na wote wanane wana maoni, mimi nilikuwa kama sahani: nawekwa, naoshwa, naondolewa. Lakini pale kwenye Tuta la Tatu, alfajiri, kabla mji haujaamka, nilikuwa na maneno. Niliwaambia miche habari zote. Nilizikaripia karoti, nilizisifu, nilizieleza ndoto zangu, nilizihubiria hata kuhusu uvivu. Hapakuwa na mahali pengine chini ya mbingu nilipojisikia nikisema. Kuninyang'anya tuta lile ilikuwa kuninyang'anya ulimi.

Na adui alikuwa tayari malangoni. Alikuwa Maman Olivia, Tarumbeta ya Makindye, mwenye Tuta la Nne, jirani yangu wa kulia, mwanamke aliyewahi kutoa mafundisho saba katika kitunguu kimoja na bado akabaki na maganda ya kuendelea nayo Jumapili iliyofuata. Siku ya Ijumaa nilimkuta amechuchumaa kwenye tuta langu na kamba mkononi, akipima.

"Huguette, mwanangu," alisema, akasimama wima kama anayehutubia vikosi, "usifikiri nakuchukia! Mimi nakupenda mpaka nakuombea kwa jina. Lakini ardhi ya Bwana haiwezi kukaa na bubu. Nina miche sitini ya vitunguu haina pa kulaza kichwa. Jumapili ukikaa kimya, Jumatatu mimi naingia na jembe. Umesikia?"

Ndani ya kifua changu likainuka jibu kubwa, lenye ngoma na mabango. Nilitaka kusema: Ewe mwanamke wa kamba, tuta hili nimelimwagilia kwa madumu niliyoyabeba kichwani toka bombani, nimeliondolea mawe kwa kucha zangu, na kabla hujaweka kitunguu kimoja hapa itabidi unipande mimi kwanza!

Nikasema, "Ndiyo, Maman."

Akaizungusha kamba yake akaondoka, akiimba.

Basi ikawa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya paa. Kule bondeni, kwenye baa za Kabalagala, muziki wa Jumamosi ulikuwa haujapata habari kwamba siku imebadilika. Nikaja bustanini na silaha yangu, yaani kijiko cha kupakulia wali, kilichopinda shingo, ambacho Maman Monique alikuwa amekistaafisha jikoni. Papa Kasereka alikuwa amefika kabla yangu, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari la buluu magotini, kuwa shahidi wa kung'oa.

"Umejiandaa, binti?"

"Ndiyo, Papa."

"Utasema?"

Nikatazama viatu vyake.

"Haya. Ng'oa."

Nilikuwa na karoti za miezi mitatu, na majani yake yalikuwa fahari ya kilima chote: mabichi, manene, yamesimama kama manyoya kwenye kofia za wafalme. Nikachagua shada la katikati, lile lililoyazidi mengine. Juu yake alikaa konokono, mnene, mwenye nyumba yake mgongoni, akitafuna bila haraka kama mtu aliyelipia. Nikainua kijiko; akanitazama kwa pembe zote mbili; nikamtupa upande wa pili wa uzio wa mabati, na alikoangukia ni siri yake na Muumba wake.

Kisha nikashika majani kwa mikono miwili, nikavuta.

Halikutoka. Nikachimba kwa kijiko upande wa mashariki, nikachimba upande wa magharibi, nikapiga magoti kwenye tope na sketi ya kanisani, nikavuta tena. Ardhi ikavuta upande wake. Jasho likanitoka, kilemba kikateleza kikaniziba jicho moja, na kwa jicho lililobaki nikaendelea na vita. Nikawaza: lazima ni karoti kubwa kama mkuki wa malaika, nikiinua mkuki huu kanisani, hata nisiposema neno, watu watapiga vigelegele na zamu itahesabiwa. Nikavuta kwa nguvu za ukoo mzima. Ndipo ardhi iliponiachia ghafla, nami nikaanguka chali kwenye spinachi za Tuta la Pili, miguu juu, na ushindi wangu umenilalia kifuani.

Nikautazama. Afadhali ningebaki chini ya kilemba.

Haukuwa mkuki. Ilikuwa karoti fupi, yenye miguu miwili. Nasema miguu, ndugu zangu, na sitaongeza: mapaja manene, magoti, na mguu mmoja umepita juu ya mwingine, kama bwana fulani aliyekaa kwenye kiti cha baa akisubiri soda yake. Ubavuni palikuwa na kitu kama mkono, umeshika kiuno.

Papa Kasereka akavua kofia yake ya sufu. Sijawahi kumwona akiivua.

"Huguette. Mbegu hizi ulizisia wapi?"

"Kwenye kopo, Papa. Lile dumu lililokatwa."

"Halafu?"

"Halafu zilipoota, nikazihamishia hapa. Moja moja. Kama kabichi."

"Kama kabichi," akarudia polepole. "Mtoto wa Butembo! Sisi tunaanzisha kila kitu kitaluni, halafu tunahamisha. Tungeweza, hata watoto tungewasia kwenye kopo kwanza. Lakini karoti haihamishwi, binti. Ule mzizi wa katikati ukikatika, imekwisha. Ndiyo maana imekuwa hivi."

"Nichukue nyingine, Papa?"

Niliona jinsi alivyopigana na roho yake. Alitazama kanisa, akatazama ile karoti, akatazama namna ule mguu wake ulivyokaa. Kisha akarudisha kofia kichwani.

"Uliyong'oa ndiyo uliyong'oa," alisema, na akaandika kitu katika daftari.

Alipoondoka, nikaketi chini nikiwa na karoti mapajani, na majaribu yakanijia matatu kwa mpigo. La kwanza lilisema: ikate miguu kwa kijiko. La pili lilisema: kimbia sokoni ukanunue karoti ya heshima. La tatu lilisema tu: chooni. Na la tatu ndilo nililolipenda, nikasimama.

"Wewe!" ikaja sauti kutoka juu ya mabati.

Alikuwa Bibi Sabah, jirani wa kanisa, mama mtu mzima wa ukoo wa Kiislamu uliofanya biashara Kampala tangu zamani za babu zake. Huuza sambusa mbele ya nyumba yake. Alikuwa amepanda kwenye kitu, maana niliona ushungi na macho tu, na mkono ulioshika konokono.

"Huyu ni wa kwenu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Amenidondokea kwenye unga. Sasa nisikilize, mwanangu. Mimi si wa kanisa lenu, lakini miezi mitatu sasa kila alfajiri nahubiriwa na wewe kupitia mabati haya. Nimesikia karoti zikikaripiwa kwa uvivu mpaka mimi mwenyewe nikaamka kukanda unga mapema. Nimesikia ulivyoziambia zivumilie mvua ya mawe. Wallahi, siku ile nililia kwenye bagia."

Damu ilinipanda usoni. Kumbe Tuta la Tatu lilikuwa na masikio! Kumbe nilikuwa nimehubiri kwa miezi mitatu mbele ya hadhara!

"Basi leo," akasema Bibi Sabah, "usiseme na watu. Watu wana kelele. Sema na hiyo uliyoishika. Wao wasikie kwa bahati tu, kama mimi." Akamtazama konokono. "Na huyu namtupa kwa yule mwenye vitunguu."

Akamtupa.

Saa nne kanisa lilijaa hadi kwenye maturubai ya nje. Na kwa kuwa zamu za kila mwisho wa mwezi ni mbili, Maman Olivia alitangulia. Akainuka na kabichi kubwa iliyozidi kichwa cha mchungaji, akaishika juu kwa mikono miwili, na wala hakukisogelea kipaza sauti, kwa sababu kipaza sauti ndicho kilichomhitaji yeye.

"Wapendwa! Tazameni kabichi! Kabichi ina moyo. Je, wewe una moyo? Kabichi imejifunika majani mengi. Je, wewe dada, unajifunika? Majani ya nje yametobolewa na wadudu. Wadudu hao ni nani?"

"Majirani!" likaitikia kanisa, kwa maana fundisho hilo tulikwisha kulisikia.

"Na jambo la nne!" Akaigeuza kabichi chini juu, akatuonyesha kisiki chake. "Tazameni hapa. Mnaona miguu? Hakuna miguu! Kabichi haitembei, haizungukizunguki. Mwamini wa kweli hukaa palepale Bwana alipompanda!"

Hapo "amina" ilitoka hafifu kidogo. Watu walitazamana. Kulikuwa na watu wa Butembo pale, na wa Beni, wa Bukavu, wa Uvira. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa palepale alipopandwa. Lakini Maman Olivia alikwisha kufika jambo la tano, na baada ya la saba watoto walikuwa wamelala wote, na mchungaji alikuwa amekohoa mara nne.

"Sasa ni Tuta la Tatu," akasema Papa Kasereka. "Huguette. Zamu ya tatu."

Ulizeni mliokuwapo jinsi nilivyotembea. Hatua kumi na moja kutoka kiti changu hadi mbele. Wako waliovuka mipaka kwa hatua chache zaidi. Magoti yangu yalitaka kurudi, lakini viatu vilikuwa vya kuazima kwa Maman Monique, vikubwa, na vikishaanza kwenda mbele si rahisi kuvigeuza. Nikafika. Nikaitoa karoti chini ya kitenge.

Kwanza mtu akacheka puani. Kisha benchi zima la vijana likainama, mabega yakitetemeka. Mke wa mchungaji akafungua Biblia akajificha ndani yake.

"Eh, Huguette!" akaita Maman Olivia kutoka mahali pake, "umetuletea karoti au umetuletea mchumba?"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Papa mmoja alilazimika kutolewa nje. Nami nikasimama katikati ya mafuriko yale, macho chini, na nilipoyashusha macho hayakukutana na viatu. Yalikutana na karoti. Ilikuwa imekaa vilevile, mguu juu ya mguu, mkono kiunoni, haina wasiwasi na mtu. Nikaionea huruma. Nikasahau waliokuwapo. Nikaiambia, kama ninavyoziambia siku zote:

"Pole. Ni mimi niliyekuhamisha ungali mdogo."

Kipaza sauti kilikuwa karibu na kidevu changu, kikayachukua maneno yale hadi kwenye spika ya nje. Kicheko kikapungua.

"Mzizi ulikatika. Hukuniambia. Mimi nilikumwagilia tu, sikujua."

Kicheko kikaisha.

"Ukaota miguu," nikaiambia. "Ungefanya nini? Ndiyo, sote hapa tumeota miguu. Lakini ulikua. Na Mungu alikuona chini huko, siku zote, hata kabla sijakung'oa."

Hapo maneno yakaniishia. Nikajua hotuba ina mlango wa kuingilia, lakini hakuna aliyewahi kunionyesha wa kutokea. Nikasimama. Watu wakasubiri. Nisijue la kufanya, nikafanya lile ambalo mtu hufanya akiwa na karoti mkononi: nikauma mguu wa kulia.

KRA! Spika ikapiga kama bunduki ya heshima. Sauti ikaruka mabati, ikashuka bonde, na nadhani hata kule Kabalagala mtu aliinua kichwa mezani. Nikatafuna. Kanisa zima likanisikiliza nikitafuna.

"Ni tamu," nikasema. "Utamu wake ni uleule."

Kisha nikavunja mguu wa kushoto, nikatembea hadi kiti cha mbele, nikamnyoshea Maman Olivia.

Enyi vizazi vijavyo, semeni kama mliwahi kusikia kitu kama hiki: Tarumbeta ya Makindye aliupokea mguu ule kwa mikono miwili. Akauma. Akatafuna muda mrefu, akitazama mbele, na sijui alikuwa akitazama nini. Kijiji chake ni Lubero, na hajakiona miaka kumi na miwili. Kabichi ilimteleza mapajani ikabiringika chini ya madhabahu, naye hakuifuata.

"Ni tamu," akasema. Maneno mawili tu, na hakuna la tatu lililofuata.

"Amina!" akapaza Papa Kasereka, na kanisa likaamka lote kwa mpigo mmoja, vigelegele, makofi, ngoma kabla ya wakati wake, na kutoka upande wa pili wa mabati, juu ya kelele zote, ikasikika sauti ya mtu asiye wa kanisa letu ikisema, "Mashallah! Si nilimwambia!"

Hivyo ndivyo Tuta la Tatu lilivyookolewa. Miche sitini ya vitunguu ilipata makazi kando ya tangi la maji, na Jumatatu alfajiri Maman Olivia alikuja, hakuja na jembe wala kamba. Alikuja na kopo la mbegu akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, karoti husiwa vipi. Nikamweleza. Ilihitaji sentensi tisa. Nilizihesabu.

Na kama yuko mwenye shaka, na apande Makindye, amwombe mzee mwenye kofia ya sufu amfungulie daftari la buluu, ukurasa wa kumi na nne. Hapo, chini ya zamu mbili zilizoandikwa "hakusimama" na "hakuonekana", historia imewekwa kwa kalamu ya wino, na mkono wa mtu asiyepoteza maneno:

*Huguette. Karoti moja, miguu miwili. Amesema.*